Yothamu na Ng'ombe Wake

Miji mingine huchonga historia yake kwenye mawe. Mpanda huiimba kwa sauti nne. Parokia ikifikisha jubilei, mwalimu wa kwaya hutunga wimbo: ubeti wa kwanza ni wa mapadri waliofika, wa pili ni wa katekista, wa tatu ni wa shule. Aliyeimbwa ameingia. Asiyeimbwa, hata wajukuu wake watahesabiwa kama watu waliokuja jana.

Ndiyo maana Eufrazia, mwalimu wa darasa la pili na wa kwaya pia, hakuwa akilala vizuri wiki ile ya jubilei, kwa sababu ya mtu aliyekwisha kufa.

Mtu huyo ni Yotham, mfugaji wa Kisukuma aliyeshuka na mifugo yake kutoka kaskazini, si Mkatoliki na hakuwahi kutaka kuwa. Enzi shule ya parokia inaanza, watoto walisomea chini ya turubai, na Eufrazia alikuwa mmoja wao, binti aliyeletwa mjini kutoka Mpimbwe juu ya magunia ya mpunga, hajui Kiswahili zaidi ya salamu. Matofali ya madarasa yalichomwa ng'ambo ya bonde la Misunkumilo. Mvua ikawahi. Lori la kuyabeba likazama kwenye udongo mweusi mpaka ekseli, dereva akafunga mlango akaenda zake. Masika yote Yotham akayasomba matofali yale kwa mkokoteni wa ng'ombe, akiwaongoza kwa mluzi. Dume lake moja lilivunjika mguu palepale matopeni, likachinjwa watoto wakiona. Kesho yake alikuja na dume jingine.

Eufrazia alikua, akafundishwa nota na sista aliyekuwa akihesabu mapigo kwa kugonga meza na funguo, akaolewa na fundi wa reli ambaye hurudi nyumbani siku treni ya Kaliua ikipenda kufika, na akaajiriwa kufundisha ndani ya kuta zilezile. Kwa hiyo alipofika kwenye ubeti wa shule hakutafuta maneno. Yalikuja yenyewe:

*Yothamu na ng'ombe wake,*
*walituvusha matope.*

Mstari ule aliwapa besi peke yao, sauti ikishuka ngazi kwa ngazi kama gurudumu linavyozama, kabla kwaya nzima haijaupokea na kuupandisha. Kisha akafanya kosa la watunzi: akatangaza kabla ya kuimba. Alimwambia mjane wa Yotham, Christina, anayeuza maziwa kwenye geti la shule na ambaye watoto wote, Wapimbwe kwa Wafipa, humwita mayu, kama Wasukuma wamwitavyo mama.

"Mayu, Jumapili ya jubilei njoo kanisani. Jina la mzee litaimbwa."

"Kanisani kwenu?"

"Kwetu."

"Mbele ya askofu?"

"Mbele ya askofu."

Christina alikoroga maziwa muda mrefu kuliko yalivyohitaji. "Basi nitavaa viatu," akasema.

Shida ilianza mazoezini. Mzee Rafaeli, mwenyekiti wa halmashauri ya walei na besi mwenye sauti nzito kuliko wote, alisubiri ubeti wa tatu uishe ndipo akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huu ubeti una kitu."

"Una nini?"

"Una ng'ombe."

Besi wakacheka. Yeye hakucheka. "Majaruba yangu unayajua, yako chini ya kwenu kulekule Mpimbwe. Nimeenda kuvuna mwaka huu nimekuta kwato. Mpunga wote umelazwa. Waliouswagia mifugo sijawapata mpaka leo. Halafu nisimame mbele ya askofu niwasifu?"

"Yotham amekufa, kaka. Hajala mpunga wako."

"Ng'ombe hafi, mwalimu. Anazaa."

Hapo kicheko kilikuwa kingine, kifupi na kikavu, na Eufrazia akajua wanaume wengi wa safu ile wako upande wa mpunga. Hakuwalaumu. Kaka zake mwenyewe walikuwa wamepoteza shamba kwa namna ileile.

Padri Laurence, paroko, akawaita ofisini akaleta suluhu. Alikuwa mtu wa amani, na watu wa amani hupenda maneno mapana. "Mama, tuseme *Wasamaria wa Mungu*. Kila mtu atamwona anayemtaka humo. Hata Msamaria wa Injili hakutajwa jina."

"Ndiyo maana hatujui wanawe tuwasalimie wapi, Baba."

Paroko alicheka, kisha akaacha. "Mimi sitaamua. Malizaneni nyie wenyewe. Ila jubilei isiharibike."

Ubaya wa yale maneno ya padri ni kwamba yalikaa. Eufrazia aliyaimba njiani kimoyomoyo: *Wasamaria wa Mungu, walituvusha matope*. Silabi nane kwa nane, kila moja kwenye nota yake. Angebadilisha, asingeumia mtu, isipokuwa mwanamke mmoja wa getini ambaye hata asingelalamika. Hilo la kutolalamika ndilo lililomchoma.

Kelvin, mpiga kinanda, kijana mwenye busara ya kukwepa, alimshauri awape akina mama ule mstari. "Soprano wako upande wako. Yaishe."

"Wakiuimba wanawake, itasemwa ni maneno ya wanawake. Utabaki kwa besi."

Kwenye mazoezi ya mwisho alisema neno moja tu: "Tunaimba kama ilivyoandikwa." Besi waliinamia karatasi zao. Rafaeli alikunja yake akaiweka mfukoni.

Siku ikafika. Kanisa lilijaa mpaka nje, vitenge vya jubilei vikifanana kama shamba moja. Christina alikaa benchi la pembeni, karibu na mlango, akisimama kila wenzake walipokwisha kukaa. Baada ya komunyo Eufrazia akapanda kwenye kijukwaa, akainua mikono. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapata vigelegele. Kwenye wa tatu akageukia besi, na akaona Rafaeli hamtazami yeye, anawatazama wenzake.

Akashusha mkono kuwapa nafasi.

Nusu yao wakasema Yothamu. Nusu, na Rafaeli mbele yao, wakasema Wasamaria. Maneno yakagongana, yakazaa uji usio na jina la mtu yeyote. Soprano walikuwa tayari wamevuta pumzi kupokea. Sekunde moja zaidi na wimbo ungepita juu ya jina lile, na pale benchini hakuna ambaye angejua kilichopotea.

Eufrazia akafumba ngumi. Kwaya ikanyamaza, kinanda nacho. Ndani ya ukimya ule, askofu akiinua macho kutoka kwenye kijitabu, neno pekee lililomjia ni lile analowaambia darasa la pili kila siku.

"Tunarudia," akasema. "Ubeti wa tatu."

Kelvin akagonga nota ya do. Safari hii Rafaeli alifunga mdomo. Bila yeye besi walikuwa wembamba, mmoja alishuka nusu sauti, na Kelvin ikabidi awashikilie kwa mkono wa kushoto kama mtu anayesukuma mkokoteni kwa nyuma. Lakini walilisema, Yothamu na ng'ombe wake, kila silabi mahali pake, na akina mama wakalipokea wakalipeleka juu.

Nje, kwenye vumbi la baada ya misa, Rafaeli alimfuata akiwa amekaza taya. "Umenivua nguo mbele ya askofu."

"Nimesahihisha kwaya, kaka. Ndiyo kazi niliyopewa."

"Inaweza kuondolewa. Halmashauri itakaa."

"Ikae."

Alitaka kuongeza, lakini Christina alikuwa amekwishafika kati yao, akampita Eufrazia, akaushika mkono wa Rafaeli kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo.

"Baba, wewe nilikusikia kuliko wote. Maneno yalinipita, lakini sauti niliisikia. Nzito. Mzee angeipenda. Sauti ya namna hiyo ng'ombe wanaifuata hata gizani."

Mkono wa Rafaeli haukujua pa kwenda, ukabaki ulipokuwa. Kisha, kwa Kipimbwe, ili mama yule asielewe, akamwomba Eufrazia asije akamweleza alichoimba.

Eufrazia alimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya darasani.

"Basi jifunze maneno."