Demokrasia kibandani kwangu

Leo nimemfinya mwanangu kwa kusema kweli. 😔

Asubuhi Salma wangu wa darasa la tatu kaniuliza, "Mama, demokrasia ni nini?"

Mimi na la saba langu nikajibu, "Ni kila mtu kuwa huru kusema, hata mdogo."

Akafurahi huyo!

Mchana tuko kibandani Kariakoo, mteja mmoja, mama wa makamo, kashika dera, akaniuliza,

"Hili halichuji, mwanangu?"

"Halichuji kabisa, mama," nikamjibu.

Salma akadakia, "Linachuja! La kwako si lilichuja?"

Nikamfinya paja. Yule mama akaliacha dera, akaondoka.

Salma hakulia. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo hapa demokrasia haipo?"

Jamani!

Nimemwomba msamaha. Akasema, "Mwombe na yule mama."

Tumezunguka mtaa mzima tumeshikana mikono, hatujamwona.

Mama, kama unasoma hapa, dera linachuja. Nisamehe.