Macho Mawili kwa Siku Moja

Najua ninyi mliobaki shambani mlisema nimekwenda Nakuru kutafuta upofu. Mtoto wa jicho alikuwa ameniziba kulia na kushoto, nikabaki kuona mwanga tu, na mchunga ng'ombe asiyeona hana kazi kwa mzungu yeyote. Tukasikia kuna daktari wa macho anayepita Nakuru, na kwamba watu wanaotoka mbali hupasuliwa macho yote mawili siku moja. Sikuipenda habari hiyo hata kidogo. Likiharibika moja, unabaki na jingine. Yakiharibika yote je?

Asubuhi, stesheni ya Rongai. Mke wangu alinishika mkono tukapanda treni. Njia nzima niliwaza wale ndama tuliowadunga kwa sindano moja: mmoja alikuwa mgonjwa, na baada ya siku chache wote walivimba shingo. Tangu hapo sidungi wawili bila kuchemsha sindano.

Nakuru, hospitalini. Niliuliza kabla hata ya kuketi.

"Kisu cha jicho la kwanza ndicho kitaingia la pili?"

"Mzee, wewe unafundisha daktari kazi?" dresa, yule msaidizi wa daktari, alinikemea.

Daktari, mzungu, alicheka. "Hapana. Jicho ya pili ni kama mtu ingine. Mimi naosha mikono tena, natoa vyombo ingine."

Maneno matamu, nikajiambia. Sikumwamini.

Kesho yake, mezani. Walinidunga ganzi, lakini masikio yalikuwa wazi. Jicho la kulia likaisha. Mara nikasikia chuma kikigusa chuma, na maji sijayasikia.

"Maji!" nilipiga kelele.

"Tulia, mzee! Mimi naondoa ile vyombo chafu tu."

Kisha nikasikia maji yakimwagika, kwa muda mrefu. Niliona aibu, lakini afadhali aibu.

Siku zilizofuata nililala chali, macho yamefungwa, mke wangu akininywesha uji. Kila nilipowashwa nilijua ni usaha. Bandeji zilipofunguliwa daktari aliniuliza ni vidole vingapi. Nikasema vitatu, ikawa kweli, lakini hata hilo nililishuku. Mtu anaweza kubahatisha.

Safari ya kurudi, wiki kadhaa baadaye. Nilivaa miwani mizito iliyofanya kila kitu kiwe kikubwa. Treni ilipokuwa ikipanda kutoka Nakuru, mke wangu alifungua kitambaa cha kichwa ili akifunge upya. Nikafumba jicho la kulia, nikamtazama. Nikafumba la kushoto, nikamtazama tena. Yote mawili yalisema jambo moja, na hilo nisingeweza kulibahatisha.

"Mama Kiprono, nywele zimekuwa nyeupe hivi tangu lini?"

"Miaka miwili sasa."

"Na hukuniambia?"

Alikaza fundo la kitambaa. "Wewe hukuuliza."

Mimi niliyemuuliza daktari habari za kisu na maji, sikuwahi kumuuliza yeye habari zake. Nilimwangalia hadi Rongai.