Alama Arobaini na Moja za Madamu Martine

Madamu Martine Musonda alinusa hila hata pasipo na harufu. Kwa miaka kumi na minane alifundisha Kiingereza katika chuo kimoja cha Lubumbashi, na kila siku ya mtihani alikagua wanafunzi mpaka viganja vya mikono. Insha ikiwa nzuri mno, alimwita aliyeiandika mbele aiandike upya ubaoni, yeye amekodoa macho.

Mwaka huu chuo kikaleta hesabu mpya ya kupima kama somo la lugha linajenga utu wa mwanafunzi, si sarufi tu. Wanafunzi walijibu maswali matano bila kuandika majina, kila swali likapewa uzito wake, yote yakajumlishwa kuwa alama moja juu ya mia. Mwalimu akipata chini ya hamsini, kozi yake anapewa mwingine. Martine alipata arobaini na moja.

Akaenda mbio kwa Constantin, mwalimu wa hesabu aliyetengeneza kipimo hicho. Tangu lini mtu wa namba akajua utu? Tena shemeji yake Constantin, Gaëlle, naye alifundisha Kiingereza, na kozi hazikumtosha. Martine hakuhitaji ushahidi mwingine.

"Constantin, hii hesabu umeipika," akasema kabla ya kuketi.

"Maman Martine, miye sikupika kitu. Makaratasi njo haya. Fanya weye mwenyewe."

Akafanya, asubuhi nzima, kwa kikokotoo chake mwenyewe, maana cha Constantin hakukiamini. Akazidisha, akajumlisha. Arobaini na moja. Akarudia kuanzia mwisho. Arobaini na moja ile ile.

Lililomwangusha lilikuwa swali la nne, lenye uzito kuliko yote: Je, mwalimu anaamini kuwa kazi unayompa ni yako? Kati ya wanafunzi thelathini na mmoja, ishirini na tisa waliandika hapana.

Hilo lilimuuma, tena sana. Alimkumbuka Séphora, aliyeandika upya insha yake ubaoni huku machozi yanamtoka, na ikatoka ile ile, neno kwa neno. Hata pole hakumpa.

"Ni bote hawa?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Karibu bote, maman."

Martine akalivuta rundo la makaratasi, akainua karatasi ya juu kwenye mwanga wa dirisha, akaikodolea macho kama insha iliyo nzuri mno.

"Huu mwandiko," akasema, "miye naujua."