Neno Nililolisahihisha

Mwaka ule mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa, ulinikuta niko upande usio wangu. Nilikuwa kidato cha nne katika shule ya bweni ya wasichana karibu na Kericho, Mtanzania peke yangu darasani, na kwetu ni ng'ambo, upande wa Musoma. Aliyenileta ni baba mdogo, aliyekuwa karani kwenye mashamba ya chai. Yeye alistaafu akarudi nyumbani, mimi nikabaki nimalize masomo. Shule ilipofunga mwezi wa nne, wenzangu walibeba masanduku wakaenda makwao, nami nikabaki nimesimama ofisini kwa mwalimu mkuu kama mzigo usio na mwenyewe.

Aliyenichukua ni mwalimu wetu wa bayolojia, mama wa Kimarekani wa miaka hamsini hivi. Yeye na mumewe walikaa kwenye nyumba ya mabati mekundu katikati ya chai, njia ya kwenda Kapsoit. Watoto wao walikuwa wakubwa, wako kwao Marekani, na mimi nikapewa kitanda cha binti yao na sweta zake mbili za baridi.

Niseme ukweli: walikuwa watu wema, nami nilikuwa na mdomo. Siku ya kwanza yule mama aliniambia nimwite kwa jina lake, jina tupu, kama vile tumecheza mdako pamoja utotoni. Nikakataa. Nikaendelea kumwita Mwalimu, naye uso ukamshuka. Kila asubuhi aliniuliza nataka yai la namna gani. La namna gani! Yai ni yai. Mbwa wao alilala kwenye kiti cha sebuleni, mumewe aliosha vyombo huku akipiga mluzi, na chai, ndani ya Kericho yenyewe, waliinywa baridi na barafu ndani. Mpishi wao, mzee wa Kimaragoli aliyehamia huku tangu ujana wake, aliniambia ameitengeneza hiyo chai miaka sita na hajapata moyo wa kuionja.

Lakini vyote hivyo ningevumilia. Kilichonikera ni Kiswahili chao. Sisi tuliotoka Tanzania tulijiona ndio wenye lugha, wengine wote wameazima. Mpishi akisema, "Hii kikombe imevunjika," mimi nadakia, "Hiki kikombe kimevunjika, mzee." Alinitazama kwa uchovu. "Wewe binti," akasema siku moja, "nikisema hivyo itashikana tena?"

Mwalimu yeye alipenda kusahihishwa. Alikuwa na daftari dogo mfukoni mwa aproni, na kila nilichosema alikiandika. Mchana mmoja mumewe alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, macho wazi, anasikiliza redio. Mwalimu akasema, "Bwana analala." Nikamkata kauli: "Hapana, Mwalimu. Kulala ni kufumba macho. Huyu anapumzika." Akaandika. Baadaye akanijia kwa furaha, "Bwana amepumzika?" nami nikampigia makofi. Sikumwambia kwamba neno hilo hilo, likisemwa juu ya mgonjwa na kwa sauti ya chini, maana yake amekufa. Wala halikunijia akilini. Nilikuwa nasahihisha ili nionekane najua, na kufundisha ni kazi nyingine.

Wakati wote huo moyo wangu haukuwa pale. Mama yangu alikuwa mgonjwa wa kifua tangu Krismasi. Barua ya mwisho ilifika kabla ya mpaka kufungwa, na sasa habari za nyumbani zilikuwa na mlango mmoja tu: muuza dagaa, Mjaluo wa upande wa Migori, aliyezijua njia za ng'ombe za mpakani na aliyeleta magunia yake kuuza Kapsoit na Roret. Alifahamiana na baba mdogo tangu enzi za mashamba. Baba yangu mzazi alikuwa amemwomba anifikishie neno lolote, na mlinzi wa shule alikuwa ameshamwelekeza nilikohamia.

Nilikuwa nimeshaamua nitakalofanya. Mama akizidiwa, nitavuka, liwe liwalo. Lakini nikivuka sirudi, maana kibali changu kilikuwa cha kukaa na kusoma, si cha kutoka na kuingia, na mtihani wa mwisho ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Na kama atakuwa amekwisha kufa, kwetu hawakai na maiti, nitafika nikute udongo. Basi akifa, nitabaki nifanye mtihani, kwa kuwa ndicho alichokitaka kuliko kitu chochote. Huyo mama hakujua kusoma, lakini ripoti zangu alizihifadhi pamoja na kanga zake za sikukuu. Akiwa hai, nitakwenda. Nilikuwa nimelipanga hivyo na kulirudia mpaka likawa jepesi kichwani.

Alasiri moja nilikwenda madukani Kapsoit na mpishi. Tuliporudi, mvua ya mawe ilikuwa imekatika, majani ya chai yamechanikachanika. Mwalimu alikuwa barazani anatungoja, uso wote unacheka. Akasema polepole, neno moja moja, kama nilivyomzoesha:

"Mtu wa samaki amekuja. Ameleta habari kutoka kwa baba yako. Mama yako amepumzika."

Mpishi akavua kofia.

Ile kofia ndiyo iliyonimaliza. Nikakaa chini pale pale kwenye nyasi zenye maji, nikapiga ukelele ambao sikujua kama ninao. Mwalimu akaja mbio. "Kwa nini unalia? Ni habari nzuri! Amepumzika!"

"Memsab," mpishi akamwambia, "hiyo neno ni ya mtu amekufa."

Yule mama akashika nguzo ya baraza. Akaanza kusema kwa Kiingereza kwamba hapana, hapana, yule mtu hakusema hivyo. Nikainuka, nikamshika mkono, mwalimu wangu mimi, nikamtikisa. "Alisema nini? Neno gani? Nataka lile alilolisema yeye!"

"Alisema... amelala. Nafikiri ni amelala. Wewe uliniambia hiyo si sahihi. Mimi nikaisahihisha."

Jamani! Nilitaka kumzaba kibao, na nasema wazi kwamba mkono ulishaanza kunyanyuka. Nikamtolea maneno mabaya. Nikamwambia lugha za watu si za kuchezea, na kwamba angekaa kwao na barafu yake asitusumbue. Nami huku nafoka nilikuwa najua kabisa kwamba kosa ni langu, ndiyo maana nilifoka kwa nguvu namna ile.

Mpishi ndiye aliyekuwa na akili saa ile. "Amelala pia ni kufa, kanisani tunasema hivyo," akasema. "Ama ni kulala tu ya kawaida. Lakini huyo mtu ni wa ziwa, na watu wa ziwa herufi z inawashinda. Pengine amesema amelaswa, memsab akasikia amelala."

Amelazwa. Yaani yuko hospitali, kitandani, yu hai. Nikamgeukia Mwalimu. Je, palikuwa na s? Hata kidogo? Akafumba macho, akajaribu kukumbuka. "Sijui," akasema. "Nisamehe. Sijui."

Muuza dagaa alikuwa amemwambia Mwalimu kwamba anapitia sokoni Roret, kisha anageuza kwao. Tukimkosa, mpaka mwezi ujao. Mumewe Mwalimu hakuwepo, lakini Volkswagen ilikuwepo. Mwalimu aliingia nayo barabarani bila kuvua aproni, mimi kando yake.

Njia ya Roret siku ya mvua mnaijua nyie mlioipita. Gari liliteleza huku na huku, mara linaelekea kwenye chai, mara linaelekea mtaroni. Mwalimu alikuwa ameng'ang'ania usukani. Mimi nilikuwa naomba Mungu, na nilichokuwa naomba ni herufi moja. Iwe s, Baba, iwe s. Halafu nikajisikiliza, nikaona ninachoomba hasa ni mama yangu awe hoi hospitalini anakohoa, nikaona aibu, nikaendelea kuomba.

Kwenye mteremko mmoja tukakwama. Nilishuka nikasukuma, tope likanifika magotini. Wachuma chai watatu waliokuwa wakirudi na vikapu vyao wakaja kutusaidia bila kuulizwa. Gari lilipochomoka, Mwalimu akauliza kwa Kiingereza, macho mbele, "Ukienda, na mtihani je?"

"Usiniulize hilo sasa," nikamwambia.

"Umebakiza miezi saba tu."

"Mwalimu, nyamaza!"

Sijawahi kumwambia mtu mzima mwingine neno hilo, kabla wala baada.

Roret tulikuta soko linavunjika. Nilimwona yule mtu tangu mbali, anafunga magunia yake matupu nyuma ya pikapu iliyokuwa inanguruma tayari kuondoka. Na hapo, baada ya haraka yote ile, sikushuka. Nikakaa ndani ya gari nimeshika kitasa cha mlango. Maadamu sijauliza, mama yangu alikuwa bado na nafasi ya kuwa hai.

Mwalimu akanitazama, kisha akashuka yeye. Akavuka lile tope na viatu vyake vya nyumbani, akamshika yule mtu bega. "Wewe ulisema nini kwangu? Mama yake. Sema tena!"

Muuza dagaa akashangaa. "Si nilikuambia, madam? Mama yake amelaswa. Amelaswa hospitali, hii ni wiki ya pili. Babake anasema akuje sasa, asingoje."

Sijui nilitokaje garini. Nikamwambia aseme tena. Akasema. Nikamwambia aseme mara ya tatu, akakasirika: "Wewe msichana ni kiziwi? Amelaswa!" Nikacheka kwa sauti katikati ya soko, kamasi zinanitoka, watu wanatazama. Mama alikuwa hoi, nami nilicheka kama niliyeambiwa amejifungua salama.

Dereva wa pikapu akapiga honi. Mwalimu akaanza kusema tungoje mpaka kesho, tumwulize bwana, tuandike barua kwa mwalimu mkuu, pengine kuna ofisi inayoweza kutoa kibali. Alisema mambo ya maana, yote. Kisha akanitazama usoni akaacha. Akavua koti lake la mvua akanivika, akanifunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, kama unavyomfungia mtoto wa chekechea. "Enda," akasema. "Enda sasa."

Nikapanda. Sikumshukuru wala sikumuaga. Nilishughulika kutafuta pa kukalia kati ya magunia, na nilipogeuka kutazama, alikuwa ameshakuwa mdogo, amesimama kwenye tope na aproni yake. Jambo hilo linanichoma mpaka leo kuliko yale matusi.

Tulivuka kwa miguu siku ya pili, mimi na muuza dagaa, nyuma ya ng'ombe wa watu. Hospitali niliifikia jioni. Mama alikuwa amekonda, mkono wake ungeweza kuuzungushia vidole viwili, lakini macho yalikuwa yale yale ya kukagua. Alinitazama kuanzia tope la viatu mpaka kichwani, na neno lake la kwanza halikuwa karibu wala pole ya safari.

"Mmefunga shule?"

"Ndiyo, Mama. Tumefunga."

"Hukutoroka?"

"Sikutoroka, Mama. Ni likizo."

Siku ile ilikuwa kweli. Wiki mbili baadaye wenzangu walifungua, na ikaacha kuwa kweli. Alipotoka hospitali tukamrudisha nyumbani, nikawa mimi wa kumwogesha, mimi wa kumpikia uji, mimi wa kumgeuza kitandani. Kila baada ya siku chache ananiuliza, "Mtafungua lini?" Namjibu, "Bado, Mama." "Likizo yenu mwaka huu ni ndefu." "Ni mambo ya mpaka, Mama, walimu hawajafika." Baba akisikia hivyo alikuwa anatoka nje.

Barua ya Mwalimu ilinifikia mwezi wa nane, imezunguka nchi nyingine mbili. Ilikuwa ya Kiswahili, ukurasa mzima. Kitanda chako iko, aliandika, na jina yako bado iko kwa orodha ya mtihani, na mama anaendelea namna gani? Niliisoma chooni ili mtu asinione. Sikuijibu. Kila siku nilisema nitajibu nikipata maneno, na miaka ikapita, nikasikia tu kwamba walirudi kwao.

Mama alizidi kupungua. Alhamisi moja ya mwezi wa tisa akaniuliza tena, sauti imebaki ya kunong'ona, "Mtafungua lini?" Nikamjibu Jumatatu. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Nadhani nilichoka na ile bado. Basi akafurahi, jamani, akafurahi kweli. Akamwita baba, akamwambia sare yangu ifuliwe na kupigwa pasi, na mtu anisindikize mapema. Sare yenyewe ilibaki Kericho. Baba akaitikia, "Sawa, mama watoto, itafuliwa." Mimi akanishika mkono akaniambia nisichelewe, walimu hawapendi mtoto anayechelewa.

Alikufa Jumamosi usiku. Tulimzika Jumatatu.