Jangwa Mezani pa Kaka

Kaka yangu alijalidi vitabu kwa miaka thelathini na moja, na jangwa hakuliona hata siku moja. Lakini mwaka wake wa mwisho alilizungumzia kana kwamba linaanzia nyuma ya nyumba yetu.

Kazini walimwita Gundi, maana vidole vyake havikuwahi kutakata. Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta, meza mbili, chuma cha kubania vitabu, na Mama Kisu, mkata karatasi, aliyekuwa akimtania tangu asubuhi. Vitabu vya shule vilifika vimechanika. Kaka alivifumua, akapanga kurasa fungu kwa fungu, akayashona mafungu upya kwa uzi uliopakwa nta, kisha akavalisha jalada. Akingoja gundi ikauke, alisoma. Alikuwa na mwiko mmoja: kutoandika ndani ya kitabu cha mtu, hata kwa penseli.

Wifi yangu alipofariki, kaka aliacha kusali. Hakugombana na Mungu. Aliacha tu, kama mtu anayeacha sukari. Miaka sita nilimwombea, na miaka sita, nikimpitia siku ya ibada, alinifungulia mlango akiwa na kandambili miguuni, akasema, "Nisalimie huko."

Ndipo ikaja riwaya moja kutoka shuleni. Mtu anavuka jangwa kurudi mji alikozaliwa, basi. Kurasa mia na ushei za mchanga. Nilimuuliza anaona raha gani.

"Mwandishi angetaka mchanga tu, angemaliza kwa kurasa mbili," alisema. "Jangwa hili limesimama badala ya kitu. Sijakijua bado."

"Manabii walikutana na Mungu jangwani," nikamwambia haraka, nikidhani mlango umefunguka.

"Mdogo wangu, huyu anatembea miezi, na hakuna anayemwita hata kwa jina." Akacheka. "Nikikijua nitakwambia."

Kitabu kilirudishwa shuleni. Baada ya wiki mbili, nikiwa nimempelekea kaka chakula kazini, mwalimu wa maktaba aliingia nacho mkononi.

"Gundi, umenichanganyia wanafunzi! Shujaa anafika mjini, anaoga, anakula na ndugu zake, ukigeuza ukurasa yuko jangwani anakufa kwa kiu!"

Mama Kisu akaangua kicheko. "Miaka yote hajakosea! Uzee umebisha hodi."

Kaka alikipekua. Kweli, fungu la mwisho alikuwa amelishona katikati. Nilitegemea aone haya, lakini aligeuza ukurasa ule mbele na nyuma, akiusoma upya.

"Mbona inawezekana, mwalimu," alisema taratibu. "Mtu anafika, anaoga, anakula na watu, na bado yumo jangwani."

Mwalimu hakuja kutafuta falsafa, alitaka kitabu chake. Kaka akaahidi kukirekebisha. Siku nane baadaye, Alhamisi asubuhi, alikufa ghafla akifunga kamba za viatu.

Watu walinipa pole nikazipokea. Lakini kulikuwa na swali moja ambalo sikuthubutu kumuuliza mtu: kaka yangu alikufa akiwa bado mbali na Mungu? Baada ya mazishi nikaenda karakana.

Mama Kisu alikuwa hajaigusa meza ya kaka. Riwaya ilikuwa pale, imeshonwa kwa mpangilio sahihi, isipokuwa fungu la mwisho, lile la kufika mjini. Lilikuwa pembeni, limekunjwa vizuri. Uzi ulining'inia na sindano yake.

"Fungu moja lilimchukua muda gani?" nikauliza.

"Gundi? Hata chai haijapoa, amemaliza."

"Basi mbona hakulishona?"

"Nilimuuliza. Akasema, 'Ngoja, sijafika.' Nikamwambia fika basi, mwalimu ana hasira!" Akajifuta macho kwa aproni. "Kila mchana alisoma pale pale, kurasa zile zile."

Kipande cha uzi kilikuwa kimewekwa ndani ya riwaya kama alama. Nilifungua hapo. Yule mtu, koo limemkauka, amepiga magoti anachimba maji kwa mikono. Hajayapata. Anauliza neno moja tu, "Upo?" Hajibiwi. Anaendelea kuchimba.

Na pembeni, kwa penseli, mwandiko wa kaka: *Nami nimeuliza. Jumanne.*

Niliketi kwenye kiti chake. Mama Kisu alisoma juu ya bega langu.

"Kitabu cha shule hicho," alisema. "Nifute?"

"Acha, dada. Nionyeshe namna ya kushona."

Alinionyesha. Nilijichoma mara mbili, na chai ilipoa kabisa, lakini fungu la mwisho lilikaa mahali pake. Namshukuru Mungu kwa Jumanne ile.

Ila kaka hakuniambia jangwa lilisimama badala ya nini. Mwalimu atakuja kuichukua riwaya keshokutwa. Nimeanza kuisoma, ukurasa wa kwanza.