Nusu Karatasini, Nusu Kwenye Ugali

Siku yangu ya kwanza kazini kama hakimu wa mahakama ya mwanzo, Hakimu wa Wilaya pale Mbinga hakunipa hata kiti. Aliniambia niwahi gari la Mbamba Bay kabla halijajaa, kisha akaniita nikiwa nimeshashika kitasa. "Binti, watu wa huku si waongo," akasema. "Ila watakuletea nusu ya neno, na nusu nyingine watadhani unaijua." Mimi mtu wa Korogwe, nilimwona mzee wa maneno mengi. Kumbe!

Mbamba Bay nilisikiliza ugomvi wa nyavu na mitumbwi. Liparamba ikawa mbuzi na mahari. Kisha nikahamishiwa milimani, mahakama ya mwanzo upande wa Litembo, na huko ndiko mirathi ilikonitoa roho. Soko la kahawa lilikuwa limefunguliwa. Zamani mkulima alipeleka kahawa ushirika, basi. Sasa wanunuzi binafsi walipanda na magari yao hadi mlangoni, na wengine wakaanza kutaka mashamba yenyewe. Nilisema mpaka koo likakauka: mali ya marehemu haiuzwi mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, yaani mtu aliyepewa mamlaka ya kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi. Wanaitikia, "Ndiyo, mheshimiwa." Wanatoka, wanauza.

Mmoja wao alikuwa Otmari, kifungua mimba wa kwao. Baba yake alipofariki, alimuuzia mnunuzi mmoja kutoka Songea shamba lote la kahawa pamoja na nyumba. Ndani ya nyumba hiyo aliishi dada yake Desderia, mjane aliyerudi kwao. Mnunuzi alipokuja na mafundi wa kubomoa, Desderia alishuka kwa miguu hadi mahakamani.

Hati ya mauziano ilikuwa fupi hadi inaudhi. Mipaka, eti, "inajulikana." Kuhusu Desderia hakuna hata neno. Nikamuuliza Otmari dada yake alale wapi. Akanishangaa kabisa. "Mheshimiwa, hilo tulilimaliza kwenye sengu."

Sengu kwa Wamatengo, wenyeji wa milima hii, ni wanaume wa ukoo kula pamoja na kumaliza mambo yao palepale. Kwa maelezo ya Otmari, huko walikuwa wamesema Desderia abaki nyumbani humo mpaka kufa kwake. Mnunuzi alikuwepo, alikula, na kwao aliyekula amekubali. Mnunuzi naye akaapa kwamba alikaribishwa ugali, akala ugali, na maneno yote yalikuwa ya Kimatengo, lugha asiyoijua. Nikawageukia wazee wa mahakama, wale washauri wawili wanaoketi na hakimu kwa mujibu wa sheria. Wao wakamhurumia Otmari! Mtu anakulaje sengu halafu anakana? Jamani, nilitamani kuvua miwani niitupe dirishani. Mkataba nusu uko karatasini, nusu uko tumboni mwa watu, na mimi niutolee hukumu.

Nikauliza kama Desderia mwenyewe aliulizwa. Sikungoja wanaume, nikamuuliza yeye.

"Mimi nilikuwa jikoni, mheshimiwa," akasema. "Niliwasikia wakiniweka ndani ya mauzo. Wakaita wanataka mboga, nikawaongezea."

Mzee mmoja wa mahakama akaanza kufuta kofia yake.

Mauzo niliyabatilisha, kwa kuwa Otmari hakuwa msimamizi na hakuwa na mamlaka ya kuuza. Mnunuzi nikamwambia haki yake aidai kwa Otmari. Mnadhani walijifunza? Ukoo ukarudi kuomba usimamizi kwa jina la Otmari huyohuyo. Safari hii Desderia hakuwa jikoni. Aliweka pingamizi, akaomba yeye, na baada ya kuwasikiliza wote nikamteua.

Sasa nimestaafu, naishi Mbinga, na bado wananifuata. "Shikamoo, mama hakimu, sisi tumeshaelewana, bado kuandika tu." Hasira hunipanda upya. Mmeelewana nani na nani? Aliyewapikia mlimuuliza?

Majuzi nilipanda Litembo hospitali kwa ajili ya magoti, nikapita kwa Desderia. Nyumba ipo, bati limeshika kutu. Alitandika mkeka mbele ya nyumba, pale wanaume walipokuwa wakikalia sengu yao, tukakaa wanawake wawili na ugali wetu. Nikachelewa kunawa, maana kazi ile imenifanya niogope ugali wa watu. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kula, mama hakimu," akasema. "Leo hatujakubaliana kitu."