Nafasi Aliyoachiwa Kukhu Ndani ya Santuri

Kwaaa… kwa-kwa-kwaaa. Hivyo ndivyo santuri ya babu ilivyoanza, kama mtu anakaanga kitu chumba cha pili. Halafu gitaa likaingia likirukaruka, halafu chupa ya soda ikakwaruzwa kwa msumari, kriki-kriki-kriki, ndipo yeye mwenyewe akafungua mdomo. Sikuwa nimewahi kusikia sauti ya babu. Alikufa kabla sijazaliwa. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi la mzee mmoja huko Bahati, simu nimeiinua juu kama mtu anayetafuta netiwaki, na machozi yakanitoka bila kuniuliza.

Aliyenituma ni Kukhu, nyanya yangu. Babu alikuwa mtunzi wa nyimbo na mtu wa vituko, zile siku kota za reli za Nakuru zilikuwa zimejaa watu waliotoka magharibi kutafuta kazi, na yeye mmoja wao. Siku za kazi alipaka mabehewa grisi. Jumamosi alivaa kofia mbili, moja juu ya nyingine, akaingia ukumbini juu ya baiskeli huku anapiga gitaa, rafiki yake akimsukuma kutoka nyuma. Akifika mbele anavua kofia ya juu kusalimia wanaume, kisha ya chini kusalimia wanawake. Kukhu husema watu walikuja kuona kofia, nyimbo zilikuwa nyongeza.

Alirekodi santuri chache, na kwetu nyumbani hakuna hata moja inayoweza kuimba. Sababu iko pale juu ya kabati. Kuna wakati akina mama wa kanisa walijifunza kutumbukiza santuri kwenye maji moto na kuikunja pembeni mpaka iwe bakuli la maua. Kila nyumba ya maana ilikuwa nalo. Babu alikuwa ameshaenda, gramafoni imeharibika, na Kukhu hakutaka kuachwa nyuma na wenzake.

"Nilidhani ziko nyingi duniani," yeye hujitetea. "Nani alijua zitaisha?"

Kwa hivyo urithi wa babu umekaa pale na maua ya plastiki, na vumbi ambalo mimi ndiye hufuta.

Mwaka huu masikio ya Kukhu yakaanza kufunga. La kushoto lilitangulia. Daktari akasema la kulia linafuata, polepole, na dawa hakuna. Kukhu hakulia. Aliniita jikoni, akanishika mkono.

"Habari za siasa zikinipita, wacha zinipite," akasema. "Lakini ule wimbo wa bombani, mjukuu wangu, nataka niusikie kabla hili nalo halijafunga."

Huo wimbo alitungiwa yeye. Babu alimwona kwenye bomba la maji la kota, akijitwika debe, na alipofika nyumbani akashika gitaa kabla hajavua buti.

Mimi nafanya kazi kwa duka moja la kuwekea watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi, hapa mjini. Shule iliishia kidato cha pili, lakini nyimbo nazijua, na nyingine huzitunga mwenyewe nikiosha vyombo. Nikaanza kuuliza kila mteja mwenye mvi. Mmoja akanielekeza kwa huyo mzee wa Bahati, ambaye bado ana gramafoni yenye uhai. Kumbe ndiye aliyekuwa mpiga chupa wa babu! Ile kriki-kriki ni yeye.

"Wewe ni wa yule mwenye kofia?" akaniuliza mlangoni. "Hebu simama vizuri nione miguu. Eeh, miguu ni yake. Pole sana."

Santuri zake hazitoki nyumbani. Ukitaka kusikia, unakuja, unakunywa chai, unasikia. Akaweka wimbo wa bombani, nami nikarekodi. Katikati, babu aliuliza jambo, kisha gitaa likanyamaza, chupa ikanyamaza, ikabaki kwaaa tupu. Mzee akainua mkono, macho amefumba. Nikadhani amekasirikia mashine yake. Kisha wimbo ukarudi ukiwa na furaha kuliko mwanzo, mzee akateremsha mkono akachukua kikombe chake.

Nilirudi dukani mbio. Mwenye duka, kijana mwenye roho safi, akaunganisha simu na kompyuta.

"Siste, hapa santuri imekufa," akasema alipofika pale penye kimya. "Tukipaunganisha hakuna atakayejua."

"Paunganishe, boss. Na hiyo kelele itoe. Nataka iwe safi kabisa."

Akatoa kelele, akakata kimya, akaunganisha. Wimbo ukatoka unang'aa kama sufuria mpya. Nikafuta ule wa zamani kwenye simu kwa sababu simu yangu hujaa haraka, naye kwenye kompyuta akahifadhi mpya juu ya wa zamani.

Jioni nikamvisha Kukhu hedfoni, upande wa sikio zima. Alivyotabasamu! Mabega yakaanza kucheza. Midomo ikafuata maneno yote. Ikafika pale babu anapouliza, Kukhu akavuta pumzi, akafungua mdomo, na wimbo ukampita. Mdomo ukabaki wazi. Akavua hedfoni akaniwekea mapajani.

"Huyu si yeye."

"Ni yeye, Kukhu. Mzee wa chupa mwenyewe alinichezea."

"Sauti ni yake. Lakini yeye hakuwa mtu wa kuniruka."

Ndipo akaniambia. Kila onyesho babu alisimama mbele akauliza kwa wimbo, "Wa bombani, bado uko?" Vyombo vyote vikanyamaza. Hata walevi walinyamaza. Watu wakangoja, na Kukhu, popote alipokuwa ukumbini, akaitika, "Niko!" Hapo ukumbi ukalipuka. Babu alipoenda kurekodi, Kukhu alibaki nyumbani na mtoto mchanga. Wenye studio wakataka pale pajazwe na gitaa, babu akakataa, akasema hapo pana mwenyewe. Santuri ikatoka na kimya ndani yake. Ikichezwa nyumbani, Kukhu aliitika akiwa jikoni, mikono kwenye unga.

Na mimi nilikuwa nimepaondoa ili wimbo uwe safi.

Usingizi ulinipa shida. Nilikuwa nawaza lile sikio, na kama mzee wa Bahati atakubali mara ya pili. Asubuhi nikawa mlangoni kwake. Nilipomweleza alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Mmekata mke wa mtu!" akasema akijipangusa macho. "Mara ile hukuona nimeinua mkono?"

"Niliona. Nikafikiri mashine imekuudhi."

"Nilikuwa nazuia watu wasimjibie."

"Watu gani, mzee? Tulikuwa wawili tu."

"Watu ni watu. Wewe nawe ni mtu. Ungeweza kuitika."

Akaweka santuri tena. Safari hii nilikaa wima nikaacha kila kitu kiingie: kwaaa, kikohozi, kuku wake aliyepita mlangoni akilalamika. Wimbo ulipofika mahali penyewe, mzee akainua mkono, na mimi nikainua wangu.

Sikupita dukani. Nilienda moja kwa moja nyumbani, nikamkuta Kukhu nje anachambua mboga, nikamvisha hedfoni. Mabega yakaanza. Midomo ikaanza. Akavuta pumzi.

"NIKO!"

Mtu asiyesikia vizuri sauti yake mwenyewe huipaza, basi ilisikika mpaka kwa jirani. Jirani naye akajibu kutoka ng'ambo ya ua, "Uko wapi, mathe? Kuna nini?"

Kukhu hakumsikia. Alikuwa anacheka, mboga zimemwagika miguuni. Wimbo ulipoisha akanyoosha kidole kwa simu, niurudishe. Nikaurudisha. Akaitika tena, na tena, kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anaulizwa. Jirani alipoona hakuna hatari alikuja na stuli yake akakaa kumtazama.

Jumapili iliyofuata watu wote wa nyumbani walienda kanisani, mimi nikabaki kuangalia nyumba. Nikachukua simu, nikaenda nyuma ya nyumba kwenye shamba la sukuma wiki, nikabonyeza kurekodi. Nikaimba ubeti wa kwanza wa wimbo wangu, unaohusu mvua ikiteremka kutoka mlima wa Menengai, na mwishoni nikauliza swali. Kisha nikanyamaza. Simu ikaendelea kurekodi upepo na ndege, nami nikasubiri, hadi nilipoona mtu angekuwa amemaliza kujibu, ndipo nikaanza ubeti wa pili.